Mashine Iliyofundishwa Adabu

Maabara ya Hospitali
3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mguu umepungua uvimbe, na kwamba dawa unazinywa badala ya kuzificha chini ya mto. Mama anasema anakujua.

Sisi huku hatujambo, ila tumeletewa mgeni. Daktari mkuu amenunua mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maabara yetu yote. Sampuli ikipokewa dirishani inapewa namba, inapimwa, majibu yanaingizwa, yanathibitishwa na kuchapishwa, na hayo yote yanafanyika kwenye kompyuta. Mwandiko wa mtu hautatusumbua tena. Ni mfumo mzuri, Mjomba, isipokuwa unasema lugha ya huko ulikotengenezwa.

Sisi wengine tunaielewa kwa kubahatisha. Lakini yupo mama mmoja hapa tunayemwita Bi Hadubini, kwa sababu akiinamia hadubini yake hata moto ukiwaka atauliza kwanza unawaka upande gani. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipoajiriwa, wakati nilikuwa sijui hata kushika kioo cha damu bila kuacha alama za vidole. Lugha ile aliisoma shuleni zamani. Anasema waliachana kwa amani na hawajatafutana tena. Tulipoufanyia mfumo majaribio alifika ukurasa wa pili, akavua miwani, akaikunja, akaniambia, "Mwanangu, mimi na huyu hatujatambulishwa."

Tungecheka yakaisha, lakini daktari mkuu ametangaza kwamba tarehe 28 kila mmoja wetu ataendesha sampuli mbele yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo kuhesabu glavu. Bi Hadubini na stoo, Mjomba! Hadubini ile ataiachia nani? Nimemwahidi kwamba hatakwenda.

Fundi wa kompyuta ameniambia kwamba mfumo huu unaweza kuonyesha lugha zaidi ya moja. Kila mfanyakazi akifungua kwa jina lake, anachagua lugha anayoitaka. Kinachokosekana ni maneno ya Kiswahili tu. Nimekuambatishia orodha ya maneno yote yanayotokea kwenye skrini, na nafasi pembeni ya kuandika. Uliifanya kazi ya ukalimani mahakamani maisha yako yote. Sijui mwingine wa kumwendea.

Barua anayo dereva wa sanduku la sampuli, anayekuja kwenye zahanati yenu mara mbili kwa wiki. Mpe majibu huyohuyo.

Mpwa wako mtiifu

*

Nyumbani
7 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa ninakunywa. Mwambie mama yako aache kunipeleleza. Kama alitaka upolisi angeuomba akiwa kijana.

Kazi nimeimaliza. Ungeweza kuniuliza kwa simu, lakini nashukuru kwamba hukufanya hivyo. Jambo la maana halizungumzwi na mtu anayepaza sauti "haloo, haloo" kama anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Nina neno moja juu ya hao waliotengeneza mfumo wako. Ni watu wakavu. Hifadhi! Futa! Chapa! Rudi! Hakuna hata mmoja anayeombwa; wote wanaamrishwa, utadhani mmefungwa jela pamoja na sampuli zenu. Hakimu wangu wa kwanza alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Akimwambia mzee wa watu "Kaa!", mimi niliyesimama katikati nilisema, "Tafadhali, mzee, unaombwa ukae." Mzee alikaa vilevile, tena kwa heshima yake. Kwa hiyo mambo niliyoyakuta kwenye orodha yako nimeyanyoosha. Penye "Hifadhi" utakuta "Tafadhali hifadhi majibu haya." Penye "Futa" utakuta "Tafadhali futa maelezo haya ikiwa una hakika." Na kadhalika.

Nina sharti moja tu. Neno langu lisibadilishwe nyuma ya mgongo wangu. Mahakamani aliyetaka kupinga tafsiri alisimama akasema mbele yangu. Niahidi hilo.

Mjomba wako

*

Maabara ya Hospitali
10 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nakuahidi. Neno lako halitaguswa bila wewe kujua.

Fundi ameyaingiza yote, na tangu jana tunafanya kazi kwa Kiswahili. Adabu uliyoitia inaonekana tangu unapofungua ukurasa. Bi Hadubini alipoiona alicheka mpaka akafuta machozi. Hata daktari mgeni, ambaye hajui Kiswahili, ameshajifunza neno moja.

Ahsante sana. Pumzisha mguu.

Mpwa wako mtiifu

*

Maabara ya Hospitali
10 Machi

Mama,

Barua hii uisome peke yako, kisha uitumie kuwashia jiko.

Kazi ya Mjomba imeharibika, na sijui nimweleze vipi. Kila sentensi ameianza na "Tafadhali". Vitufe vya kwenye skrini ni vidogo, vimekatwa kwa kipimo cha yale maneno mafupi ya kigeni, na kinachozidi hakionekani. Kwa hiyo neno la kwanza linaonekana na mengine yanamezwa. Mama, vitufe vyote vinasema Tafadhali! Cha kuhifadhi ni Tafadhali, cha kufuta ni Tafadhali, cha kuchapa ni Tafadhali. Ukurasa mzima umekaa kama foleni ya ombaomba.

Nami nilikosea la kwangu: badala ya kumwachia kila mtu achague lugha yake, niliwawekea wote Kiswahili kwa mpigo mmoja. Daktari mgeni akafungua kompyuta, akaniuliza kwa upole kama huyo Tafadhali ndiye mwenye kiwanda kilichoutengeneza mfumo. Yeye nimeshamrudishia lugha yake. Bi Hadubini ndiye amebaki na Tafadhali zake.

Fundi anasema kufupisha ni kazi ya siku mbili tu. Lakini nimeahidi kwamba sitagusa neno bila kumwambia Mjomba, na kumwambia ndiko kunakonitisha. Uliniambia kwamba tangu orodha ile ifike anaamka mapema, anavaa tai, anakaa mezani na kalamu kama zamani. Nimwambie kwamba tai aliivalia bure?

Bi Hadubini anajifunza kwa kukariri mahali. "Tafadhali ya kushoto ni kuhifadhi, Tafadhali ya pembeni yake ni kufuta." Lakini kwenye ukurasa mwingine zimehama. Na tarehe 28 haihami.

Nitamdokezea Mjomba polepole. Niombee.

Mwanao

*

Maabara ya Hospitali
13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za mguu? Kazi yako inaendelea kutumika. Kuna jambo dogo tu, wala si la haraka sana, ingawa si la kuchelewa. Baadhi ya wenzangu hapa wanaona kwamba Tafadhali ni nyingi kidogo. Sijui wewe unaonaje, labda zikipungua hapa na pale. Ni wazo tu.

Mpwa wako mtiifu

*

Nyumbani
14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hao wenzako ni akina nani, na wamelelewa na nani?

Nimeishi nikiwasikia watu wakilalamika juu ya hukumu, nauli na mvua. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba anaheshimiwa kupita kiasi. Mgonjwa wa namna hiyo hapunguziwi dawa, huongezewa. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse majibu ya mkojo kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nimeipitia orodha upya. Mahali nilipokuwa nimesahau Tafadhali, nimeiweka. Kwenye mambo ya hatari, kama kufuta, nimeandika "Tafadhali sana". Mwambie fundi aingize yote. Na wenzako wape salamu zangu, kwa adabu.

Mama yako alikuja jana, akanitazama kwa huruma, akaondoka kabla ya chai. Kama ninaumwa ugonjwa ambao mmenificha, niambieni.

Mjomba wako

*

Maabara ya Hospitali
19 Machi

Kwa Bwana Mkalimani,

Salamu kwanza. Hunijui, ila nimekuwa nikisoma neno lako moja tangu tarehe tisa. Mimi ndiye wanayeniita Bi Hadubini. Mpwa wako hajui kwamba nimekuandikia, na dereva nimemwambia kwamba hii ni barua ya posa, ndiyo maana ameifikisha haraka.

Bwana, binti huyu anakuogopa. Mimi sikuogopi, sijawahi kushtakiwa. Kwa hiyo nitasema mimi.

Vitufe vyetu ni vidogo. Sentensi zako ni ndefu na nzuri kama treni, lakini kituo chetu kina nafasi ya behewa moja. Behewa la mbele ni Tafadhali, nalo ndilo tunaloliona. Mengine yamebaki porini. Ulipotuletea zile "Tafadhali sana", hiyo "sana" haikuingia, basi hata kitufe cha hatari sasa ni Tafadhali kama ndugu zake.

Jana nilimaliza kuingiza majibu ya asubuhi nzima. Nikabonyeza Tafadhali nihifadhi. Kompyuta ikaniuliza swali, na chini yake Tafadhali mbili: moja ya kukubali, moja ya kukataa. Nikachagua ile iliyonikalia vizuri. Majibu yote yakafutika. Namshukuru Mungu chupa za damu zilikuwepo kwenye friji na hakuna aliyechomwa tena, lakini tulirudia kazi wote, na mpwa wako alikosa chakula cha mchana kwa ajili yangu. Hakuninung'unikia hata kidogo. Angeninung'unikia ningejisikia vizuri zaidi.

Tarehe 28 nitakaa mbele ya daktari mkuu. Nikibonyeza Tafadhali isiyo yake, nitahamia stoo. Kazi hii naipenda, bwana. Ukiniondoa kwenye hadubini umenifumba macho.

Sikulaumu. Wewe ulitafsiri bila kukiona kioo cha kompyuta, na sisi hatukukuonyesha. Ndiyo maana nimebandika karatasi kwenye skrini, nikakata kipande sawasawa na kitufe. Ni hiki hapa ndani ya bahasha. Neno lako likitosha humo, litatosha kwetu.

Wako,
Bi Hadubini

*

Nyumbani
21 Machi

Kwa Bi Hadubini mheshimiwa,

Nimepokea barua yako na kipande cha karatasi. Nilijaribu kuandika humo jina langu kamili, kalamu ikaishia mezani. Hapo nikaelewa yote, pamoja na ile huruma ya dada yangu.

Mahakamani niliwaona watu niliowatafsiria. Nilijua nani ana masikio mazito na nani ameanza kutetemeka, na sauti yangu niliipima kwa hayo. Safari hii nimesema na ukuta, kisha nikashangaa kwamba ukuta haukusikia vizuri. Majibu yako yaliyofutika nimeyafuta mimi. Niwie radhi.

Orodha mpya ni hii. Kila neno nimeliandika ndani ya kipande chako kabla ya kulikubali: Hifadhi. Futa. Chapa. Rudi. Ndiyo. Hapana. "Thibitisha" limegusa ukingo, lakini limeingia. Likiwasumbua, tumieni "Pitisha". Nimeyaandika yakiwa makavu vilevile kama walivyoyaandika wenyewe, na mkono umeniuma kuliko mguu.

Lakini sikuzitupa Tafadhali zangu. Orodha ya kwanza aliyoniletea mpwa wangu ilionyesha kwamba ukurasa wa kufungulia asubuhi una nafasi kubwa ya salamu. Nimezikusanya zote hapo: "Karibu kazini. Kila utakaloambiwa humu, unaombwa kwa tafadhali." Ikisemwa mara moja kwa sauti ya kusikika, itatosha kwa siku nzima.

Mpe mpwa wangu orodha hii. Kuhusu kuniogopa, usimwambie kitu. Hilo nitazungumza naye mimi. Nilidhani ananiheshimu, sikujua kwamba nimemwachia mlango mwembamba kiasi hicho.

Mkalimani

Tanbihi: Dereva ameniuliza kama nimekubali posa. Nimemwambia kesi inaendelea.

*

Maabara ya Hospitali
24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Leo Bi Hadubini amekuja mezani kwangu, ameweka bahasha, akasema, "Hukumu imefika." Nilipoona mwandiko wako nilitamani kujificha nyuma ya friji la damu.

Nisamehe. Nilipaswa kukuambia siku ileile ya kwanza. Wewe uliniomba nisibadilishe neno nyuma ya mgongo wako, nami nikashika ahadi kwa mkono mmoja na kukuficha kwa mkono wa pili. Niliogopa kwamba utavua tai.

Fundi anaingiza orodha mpya kesho na keshokutwa, kisha anaondoka kwenda hospitali nyingine. Nimekaa naye nikimhesabia vitufe kama mama anayehesabu watoto kwenye kivuko cha barabara.

Mpwa wako

*

Nyumbani
26 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekusamehe kabla hujamaliza kuandika.

Tai sijaivua. Nilipokuwa ninaandika ile orodha fupi nilikuwa nimeivaa, na hata sasa ninayo. Mama yako anasema nina wazimu. Mwambie ni sare ya kazi.

Lakini sikiliza. Siku nyingine nikikosea, sema, "Mjomba, umekosea." Ni maneno mawili tu, na yanatosha hata kwenye kitufe chenu. Nitakasirika mpaka saa ya chai, kisha nitasahihisha.

Niandikie habari za tarehe 28 siku hiyohiyo. Sitaki kuzipata kwa dada yangu, ataanza na hali ya hewa.

Mjomba wako

*

Maabara ya Hospitali
28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Naandika nikiwa bado nimesimama.

Daktari mkuu alifika akiwa na kalamu na uso wa Jumatatu. Bi Hadubini alikuwa wa mwisho. Alijiweka wa mwisho mwenyewe, ili tukishindwa sisi asionekane yuko peke yake. Akafungua kwa jina lake, akachagua Kiswahili. Salamu yako ikatokea. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akamgeukia daktari mkuu. "Umeona? Mashine hii imelelewa."

Akapokea sampuli, akaipa namba. Akaingiza majibu. Hifadhi. Thibitisha, nalo limetosha, Mjomba. Chapa. Karatasi ikatoka, daktari mkuu akaikagua juu na chini, asione kasoro. Nikaanza kupumua.

"Haya," akasema, "funga mfumo."

Bi Hadubini akafungua ukurasa wa mwisho. Kitufe cha kufungia fundi alikisahau. Kilikuwa peke yake katikati ya skrini, na kilikuwa kinasema Tafadhali. Mimi nilisimama mlangoni, siruhusiwi kutia neno. Yeye alikuwa amejifunza orodha mpya neno kwa neno, na kwenye orodha hiyo kitufe hicho kinaitwa Funga. Tafadhali haimo. Nilimwona akinyanyua mkono kuelekea kwenye miwani, kama siku ile, na nikajua akiivua tumekwisha.

Hakuivua. Aliisukuma tu ikae vizuri puani.

Daktari mkuu akainama. "Hiki nacho kinafanya nini?"

"Hiki?" akasema Bi Hadubini. "Huyu ni rafiki yangu wa zamani, tumeteseka pamoja. Ni cha kwenda nyumbani, daktari. Kinakuomba kwa adabu utuachie, maana umetukalia tangu asubuhi."

Akabonyeza. Mfumo ukafunga.

Daktari mkuu alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Alicheka mpaka daktari mgeni akaja mbio kutoka chumba cha pili, akatazama skrini, akaniuliza kama yule mwenye kiwanda amerudi. Bi Hadubini hahami, Mjomba. Daktari mkuu ametia saini palepale, na stoo watatafuta mtu wa kuhesabu glavu. Alipotoka tu, Bi Hadubini alirudi kwenye hadubini yake akainama kama mtu aliyerejea kitandani kwake baada ya safari. Nilimwita mara mbili. Hakuitika.

Sasa nina swali, na safari hii nakuuliza mbele yako. Mjomba, ulisahihisha kitufe hicho vizuri; kosa ni la fundi. Anaweza kukirekebisha akiwa hukohuko aliko, akipigiwa simu. Lakini Bi Hadubini amegoma. Wenzangu, ambao tangu orodha mpya wote wamechagua Kiswahili, nao wamegoma. Leo jioni kila mtu aliyekuwa anaondoka alisema, "Mimi nabonyeza Tafadhali yangu, kwaherini." Tukibadilishe au tukiache?

Mpwa wako

*

Nyumbani
31 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba.

Kiacheni.

Mguu unaniruhusu kutembea sasa, na daktari wa zahanati anataka nipimwe damu. Nimemwambia kwamba nitapimwa maabara moja tu. Nitakuja na dereva wa sampuli wiki ijayo, nikae pembeni ya sanduku kama sampuli nyingine. Nataka kukiona hicho kioo kwa macho yangu. Usinipokee kwa haloo.

Ndani ya barua hii utakikuta kile kipande cha karatasi. Mrudishie Bi Hadubini. Nimeandika humo neno moja: Asante. Limetosha, na nafasi imebaki.

Mjomba wako